Mosi Januari

Umeme wa Kigwe ukikatika usiku,
asubuhi kompyuta ya kata huamka
imesahau miaka ishirini na kitu.
Inaniambia kwa uso mkavu:
Januari mosi, elfu mbili na mbili, saa sifuri.

Betri yake imekufa, ile ndogo ya duara
mfano wa sarafu ya hamsini.
Niliiandikia dokezo. Dokezo likaenda wilayani,
likarudi na swali: betri, au kompyuta?
Nilijibu: betri. Jibu la jibu langu liko njiani.

Basi kila siku, kabla hata ya kufuta vumbi,
nabonyeza pembe ya kulia, chini, penye saa,
naupandisha mwaka mmoja mmoja
kama ndoo kutoka kisimani.
Mwaka wa njaa, naupita.
Mwaka mvua ilipobeba kivuko na mbuzi wa kina Mheta, naupita.
Naulizwa kanda ya saa. Nashuka na orodha:
Dodoma haimo.
Makao makuu, hayamo!
Nachagua Nairobi, nikitazama mlangoni kama mwizi.

Kisha saa yenyewe.
Redio ya Sechelela, pale anapokaanga maandazi,
inasema saa moja na dakika arobaini.
Mashine haiijui moja hiyo.
Naongeza sita kwa vidole, naandika saba na arobaini.
Juani moja, kiooni saba,
na mimi katikati, mkalimani wa jua.

Wiki jana watu walijaa, sikutazama.
Mzee Ndahani alitaka barua ya utambulisho, ya benki.
Nikachapa, nikagonga muhuri, nikaita anayefuata.
Akaenda nayo mjini. Jioni akarudi,
barua imekunjwa mara nne.
"Binti, wanasema hii ni ya elfu mbili na mbili."
Niliona haya hadi kwenye kucha.
Yeye akaketi, akaifungua, akaisoma upya, taratibu,
kama mtu aliyeletewa habari za nyumbani.
"Mwaka huo nilikuwa na ng'ombe kumi na tisa.
Kama serikali imegonga muhuri kwamba ndio leo,
niandikie na ng'ombe wangu."
Tulicheka mpaka mtendaji akachungulia.

Sikumwambia kwamba nami nina wangu huko:
mama, na beseni la karanga za kuchemsha, stesheni,
akirudisha chenji dirishani huku behewa linaondoka,
akikimbia, kwa sababu shilingi ishirini ya mtu ni ya mtu.
Sikumwambia kuna asubuhi
naiacha mosi Januari ikae kidogo kiooni
mpaka chai ipoe.

Juzi amerudi kuchukua barua mpya.
Akatoa mfukoni ile mbovu, imefunga kitu:
betri, ya kwa fundi saa wa karibu na stendi.
"Hii elfu mbili. Nauli kwenda na kurudi elfu sita.
Piga hesabu mwenyewe."
Nilifungua boksi la mashine kwa kisu cha Sechelela.
Buibui akatoka, hana haraka.
Nikaichokoa ya zamani, nikaisukuma mpya.
Tik.

Usiku wa kuamkia leo umeme umekatika tena.
Nimewasha.
Tarehe ni ya leo. Dakika ni za leo.
Mkono ulishafika pembe ya kulia, chini,
ukabaki juu ya kipanya, hauna kazi.
Nje, treni ya mizigo imepita bila kusimama.

Betri ya zamani nimeiweka kwenye droo ya pini.
Imekufa, najua.
Bado imeandikwa volti tatu.